Rangi ya Mabati na Honi ya Maziwa

Watu wa kwetu wana maoni juu ya kila kitu wasichokuwa nacho. Mtu hajawahi kumiliki hata wilbaro, lakini gari lako likisimama njiani atainama juu ya injini, mikono nyuma, na kukuambia kwamba hiyo ni plagi. Kila kitu ni plagi. Gurudumu likitoboka, plagi. Wiki ile honi ya pikapu yangu iliponyamaza, wanaume saba walinisimamisha barabarani kunieleza kwamba ni plagi, na wote saba niliwajibu kwa namna ambayo mke wangu alisema haimfai mtu anayekaa kiti cha mbele kanisani.

Nieleze kwanza ile honi ilikuwa ya nini, maana mtu wa mjini atadhani honi ni ya kufukuza mbuzi. Nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho. Miaka kumi na sita nilisimama kando ya mizani nikiangalia vikapu vya wachuma chai, na yeyote aliyeniletea majani magumu alisikia kutoka kwangu. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukapunguzwa kazi, makarani tisa kwa siku moja. Nikarudi nyumbani upande wa Bomet na pesa za kuagwa, nikanunua pikapu iliyokuwa na umri mkubwa kuliko kifungua mimba wangu. Chama cha maziwa cha huko kwetu kilikuwa kimekufa, mitungi imejaa buibui, na watu walikuwa wakimwaga maziwa ya asubuhi au kuwapa mbwa. Nikawa nazunguka nyumba kumi na nne kila alfajiri kukusanya maziwa na kuyapeleka kwenye hoteli za Bomet kabla chai ya kwanza haijapikwa.

Honi ndiyo iliyokuwa saa yetu. Nikifika kwenye kituo cha majani chai, mwanzo wa njia yangu, nilipiga mara moja, kwa kirefu. Mama wa nyumba ya kwanza akisikia, alimfunga ng'ombe miguu na kuanza kukamua. Nikifika kwake maziwa yalikuwa tayari, yana povu, na nikipiga honi langoni pake yule wa nyumba ya pili naye alianza. Hivyo hivyo hadi nyumba ya kumi na nne. Hakuna aliyemngoja mwenzake. Baada ya miezi kadhaa hata ng'ombe walijifunza. Wakisikia ile honi waliacha majani, wakaenda wenyewe mahali pa kukamuliwa, na kabla kiwele hakijaoshwa maziwa yalikuwa yanadondoka. Mimi sikuwafundisha, nilikuwa tu na haraka zangu. Lakini nilijisifu kana kwamba niliwapeleka shule.

Sasa, kijana wangu wa kwanza akapata mchumba upande wa Kipkelion, na siku ya koito ikapangwa, yaani siku ya wazee wetu kwenda kwa wazazi wa msichana kuzungumza mambo ya mahari. Pikapu wakati huo ilikuwa na rangi tatu, na ya nne ilikuwa kutu. Mtu aliyekuwa karani hawezi kufika kwa wakwe na kitu kama hicho. Stoo kulikuwa na makopo mawili ya rangi ya mabati, ya kijani, yaliyobaki nilipopaka paa la nyumba. Nikanunua brashi mpya.

Nilipaka siku tatu. Sikuwa mvivu kama wale wanaopaka milango tu na kuacha ndani kukiwa na aibu. Nilipaka milango, rimu, bampa, mpaka chini ya boneti. Honi niliifungua, nikaipaka yenyewe, nikapaka chuma inapofungwa, nikapaka na bolti yake, kisha nikapaka mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Ilipokauka nikairudisha mahali pake na kukaza. Nilisimama mbali nikaiangalia pikapu ile iking'aa kwenye jua la saa tisa, na nasema kweli, nilifurahi kuliko siku niliyoinunua.

Jirani yangu wa chini alikuja kwenye ua akaangalia kwa muda mrefu.

"Karani," akasema, "umeezeka gari?"

Walicheka hadi Jumapili. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza maji ya mvua yanatokea wapi. Wanawake kisimani walisema nimesahau kuweka bomba la kuingiza maji kwenye tangi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na gari. Nikaapa moyoni kwamba mtu mwingine akiitaja rangi ile mbele yangu atajuta.

Siku ya koito ikafika. Kwetu siku hizo ilikuwa desturi wageni kufika wakipiga honi, ili kina mama wa pale watoke kuwapokea langoni kwa nyimbo. Nilikuwa nimebeba wazee watano, wawili mbele pamoja nami na watatu nyuma na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Nikasimamisha gari langoni, nikanyoosha kola, nikabonyeza honi. Kimya. Nikabonyeza tena kwa kidole gumba, kisha kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Ndani tuliwasikia wanawake wamejipanga, wanangoja. Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa nyuma akasimama kati ya vibuyu akapiga kelele, "Tumefika! Fungueni, huyu ameshindwa!" Ndivyo nilivyoingia kwa wakwe zangu.

Jumatatu nilianza kuitafuta shida mwenyewe. Sikumwita fundi. Mafundi wa umeme wa sokoni niliwadharau siku nyingi: wengi walianza kwa kutengeneza redio, redio ikiungua wanahamia kwenye magari. Nikaangalia fiuzi, ikawa nzima. Nikafungua kibonyezo pale katikati ya usukani, nikasugua vyuma vyake kwa msasa, nikarudisha. Kimya. Nikaitoa honi yenyewe, nikachukua nyaya mbili, nikaiunganisha moja kwa moja na betri.

Ilinguruma hadi ng'ambo ya bonde. Ilikuwa saa sita mchana. Sekunde chache baadaye nikamwona ng'ombe wa jirani yangu wa chini akiacha majani na kutembea kwa heshima kuelekea mahali pa kukamuliwa, na mwenyewe akitoka jikoni mbio na ndoo, amejifunga leso vibaya, akiuliza kama saa za serikali zimebadilishwa.

Kwa hiyo honi ilikuwa nzima. Nikairudisha mahali pake, nikakaza bolti, nikabonyeza. Kimya. Nikaitoa, nikaiunganisha na betri, ikalia. Nikairudisha, ikanyamaza. Mchana kutwa mchezo ulikuwa huo. Ikiwa nje inalia, ikiwa ndani haijui mtu.

Jumanne nikabadilisha nyaya, toka kwenye fiuzi hadi usukani, na toka usukani hadi kwenye honi. Nikatoa balbu ya taa ya breki, nikaifunga nyaya mbili za kupimia. Waya mmoja niliushika kwenye upande wa hasi wa betri, wa pili kwenye ncha ya waya unaoingia kwenye honi, nikamwambia mke wangu abonyeze. Balbu ikawaka vizuri. Basi umeme ulikuwa unafika, na honi ilikuwa nzima, na bado hakuna sauti. Miaka kumi na sita ya hesabu za mizani haikunisaidia. Mke wangu, bado ameketi kwenye usukani, akaniuliza kama haingekuwa vizuri kumwonyesha mtu anayejua. Nikamwambia abonyeze tu, asifikiri.

Alfajiri zile nilijaribu kila kitu. Jumanne niligonga sufuria kwa mwiko, nikiendesha kwa mkono mmoja. Mbwa walikuja, maziwa hayakuja. Jumatano niliazima filimbi kwa mwalimu wa michezo, na watoto wa nyumba tatu wakatoka na mabegi wakidhani wamechelewa shule. Nilipaza sauti pia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ng'ombe hawaipendi sauti yangu. Wanawake walikuwa wakivutana na viwele vikavu huku nikingoja langoni na kuwaambia wana mikono ya usingizi. Nilifika Bomet jua limepanda, hoteli zimeshanunua kwa wengine. Maziwa yalirudi nyumbani yamechachuka. Mke wangu alijaza vibuyu vyote vya mursik, akaazima vya majirani, navyo vikajaa.

Ajabu ni kwamba siku hizo hizo kijana mmoja alianza kupita njia yetu akitafuta maziwa. Pikapu yake ilikuwa mpya, nyeupe, na honi yake ilikuwa ya muziki, ile inayopiga wimbo mzima kabla haijakuambia inataka nini. Alikuwa na miwani ya jua saa kumi na mbili asubuhi. Sijui alikuwa anaogopa jua gani.

Nyumba ya mwisho katika njia yangu ilikuwa ya kogo mmoja, mama mzee aliyekuwa akiishi na ng'ombe wake mwekundu na wajukuu wawili. Ndiye aliyewasemea wenzake, na hakuna aliyeweza kumkatiza. Mimi na yeye tulijuana tangu zamani. Alikuwa mchuma chai katika lile shamba, na asubuhi moja nilimwaga kikapu chake chote chini, mbele ya foleni, kwa sababu ya majani machache magumu. Aliinama akayaokota. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa.

Alhamisi alinisimamisha langoni. "Karani, hii wiki maziwa imeharibika mara tatu. Tumeongea na wamama wote. Leo ni Alhamisi. Kama kesho bado hakuna honi, Jumamosi tunapea yule kijana."

"Mpeni," nikamjibu. "Mpeni huyo wa muziki, awachezeshe densi na ng'ombe wenu."

Nilirudisha gari nyuma kwa hasira nikagonga nguzo ya lango lake. Kusema ukweli nilikuwa naogopa. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, hakuna shamba lingeniajiri tena, harusi ya kijana ilikuwa inakuja, na nyumba zile kumi na nne ndizo zilizokuwa kazi yangu yote iliyobaki. Nilijua hayo nikiwa nasema yale maneno, na bado nikayasema.

Ijumaa, baada ya kuzunguka bila honi, nikashusha kiburi nusu nikaenda kwa fundi wa umeme wa soko letu. Alikuwa amekuja kutoka upande wa Kisii miaka mingi nyuma, akajenga kibanda cha mabati karibu na mashine ya kusaga. Alikuwa peku, ovaroli imeraruka magoti, na kifaa chake cha kupimia kilikuwa balbu na nyaya mbili, vilevile kama changu. Nikaona nimepoteza wakati. Nikamsimulia yote niliyofanya, polepole, kama anayemsomea mtoto barua.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia nibonyeze, akapima kama nilivyopima mimi, balbu ikawaka. Kisha akafanya jambo moja ambalo sikuwa nimelifanya. Ule waya uliokuwa kwenye betri akautoa, akauweka kwenye ile bolti inayoishikilia honi. Balbu haikuwaka. Akarudia. Haikuwaka. Akainua kichwa akaniangalia.

"Mzee, nani alipaka hii gari?"

Wanaume waliokuwa wakingoja unga kwenye mashine wakasogea.

"Ni mimi. Kwa nini?"

"Shida ni hii rangi."

Wakacheka wote. Sikumngojea. Nilimwambia nimekuja kutengenezewa honi, sikuja kusikia maoni juu ya rangi, na kama anataka kuwa hakimu wa rangi aanzie kwenye kibanda chake.

"Mzee, sikia kwanza," akasema bila kupandisha sauti. "Stima inatoka betri, inaingia honi, iko sawa. Lakini lazima irudi. Inarudi na hii bolti, inaingia kwa mwili ya gari, inafika betri. Sasa wewe umefunika kila kitu na rangi ya nyumba. Stima inakuja mpaka hapa inakwama. Toa bolti, kwaruza hapa nyuma, kidogo tu kama shilingi, na kwa honi pia pale inagusa. Utaona."

Mimi nilisikia neno moja tu katika yote hayo, rangi, na kicheko cha wale wa unga. Nikafunga boneti kwa nguvu nikaondoka. Nilimwachia tope mlangoni pake.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya majani chai, nilichukua kisu cha jikoni nikafungua bolti. Ningependa kusema kwamba nilikuwa nimetafakari maneno ya yule mtu. Sikuwa nimetafakari kitu. Nia yangu ilikuwa kukwaruza kama alivyosema, nione hakuna kinachotokea, kisha kesho niende sokoni nimwaibishe mbele ya wale wale waliocheka. Nilikwaruza nyuma ya bolti hadi chuma kikaonekana, doa jeupe, kama shilingi. Nikakwaruza na mkono wa honi. Nikakaza. Nikaingia ndani nikabonyeza, huku nikiandaa maneno nitakayomwambia.

Honi ikalia.

Niliinua mkono kama mtu aliyeungua. Nikabonyeza tena, ikalia. Chini kwa jirani ng'ombe akaacha majani. Mke wangu akatoka jikoni akaniangalia, akaangalia kisu kilichokuwa juu ya boneti, akarudi ndani. Nilibaki nimeketi mle ndani, na badala ya kufurahi nilikuwa na hasira, maana mtu aliye peku alikuwa amesema kweli kwa dakika tano juu ya jambo lililonishinda siku tano.

Jumamosi nilipiga honi kwenye kituo cha majani chai, ndefu kuliko siku zote. Nikafika nyumba ya kwanza. Hakuna aliyetoka. Nyumba ya pili, hakuna. Yule kijana alikuwa amepita mapema na muziki wake, na kila lango niliona alama za magurudumu yake mapya. Nilipiga hata hivyo, lango baada ya lango, nikajua nimechelewa kwa siku moja na mdomo mmoja.

Nilipofika kwa kogo nikamkuta nje, kando ya ng'ombe wake mwekundu. Ndoo ilikuwa imefudikizwa kando ya ukuta, kazi imeisha. Lakini ng'ombe alikuwa amerudi mwenyewe mahali pa kukamuliwa, masikio yameelekea barabarani, na maziwa yalikuwa yanadondoka chini kutoka kwenye chuchu zote nne. Udongo chini yake ulikuwa mweupe.

Kogo hakunisalimu. Alivuta ndoo, akachuchumaa, akaanza kukamua upya, na maziwa yakaja mengi. Nikasubiri langoni. Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kusema juu ya mikono ya mtu.

"Yule kijana alipata kikombe mbili hapa," akasema bila kugeuka. "Honi yake ikilia ng'ombe inapiga teke. Kwa wote ni hivyo. Sasa wamesikia yako, wameachilia. Rudi nyuma, utapata wamama wanakamua."

"Asante, kogo."

"Usiseme asante. Sisi hatukuwa tunangojea wewe, Karani. Tulikuwa tunangojea hiyo honi. Wewe tulichoka na wewe kitambo." Akasimama, akaleta ndoo hadi langoni. "Siku ile ulimwaga kikapu yangu nilinyamaza kwa sababu ilikuwa kazi yako. Hii si mizani. Piga honi, chukua maziwa, enda. Mdomo wacha nyumbani."

Nikamimina maziwa yake kwenye mtungi. Nikarudi nyumba zote kumi na tatu, na kila lango kulikuwa na mama na ndoo, na mimi nikanyamaza. Nilifika Bomet mapema, hoteli zikachukua yote.

Nikirudi nikasimama kwa fundi. Nilikuwa nimepanga njiani yote nitakayosema, na yalikuwa maneno mazuri. Alikuwa ameketi juu ya gurudumu kuukuu akifungua jenereta ya trekta. Aliisikia honi nilipoingia, akatabasamu.

"Mzee, ulikwaruza?"

Wale wa unga walikuwepo, wawili au watatu. Wakanigeukia.

"Hapana," nikasema. "Ilipona yenyewe njiani."

Aliniangalia. Kisha akainuka, akafungua boneti bila kuniomba ruhusa, akainama. Alama za kisu zilikuwa pale wazi, chuma cheupe kimechungulia kando ya bolti, na ganda la rangi ya kijani lilikuwa bado limeng'ang'ania. Niliona ameviona vyote. Nikangoja awaite wale wengine waje kutazama.

Akachovya kidole kwenye kopo la grisi, akapaka taratibu pale palipokwaruzwa ili pasishike kutu, akajifuta kwenye ovaroli, na kufunga boneti kwa mikono miwili.

"Sawa, mzee," akasema. "Kama imepona, imepona."

Akarudi kwenye jenereta yake. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikawasha gari nikaondoka, na honi sikuipiga mpaka nilipokuwa mbali na soko.